Weusi Ulio Kichwani

Kwenye skrini ya utrasaundi maji ni meusi. Mfupa hung'aa mweupe, ubongo wenyewe huwa wa kijivu, na maji, kwa kuwa hayarudishi mwangwi, huonekana meusi tititi. Mzazi akiliona doa jeusi kichwani mwa mwanawe aliye tumboni, moyo humpasuka. Mpimaji stadi hatishiki upesi hivyo. Anajua kwamba ubongo wa kila mtoto una maji, na kazi yake ni kutofautisha yaliyo mahali pake na yale yaliyojitengea kifuko.

Kipimo hiki kilianza na vifuko vya maji. Ian Donald wa Glasgow na wenzake walipochapisha picha zao kwenye jarida la Lancet mwaka 1958, kisa kilichovuma ni cha mama aliyedhaniwa ana saratani isiyotibika. Mashine ilionyesha uvimbe wa maji kwenye ovari, ukatolewa, akapona.

Siku hizi kichwa cha mtoto hukatwa kwa mawimbi katika tabaka tatu. La juu linaonyesha ventrikali za pembeni, yaani vyumba vya maji vya ubongo, ambazo upana wake hautakiwi kufika milimita 10. La kati linapita kwenye thalamasi. La tatu, ambalo ndilo linalonivutia zaidi, hupatikana kwa kuinamisha proba, kifaa kinachotuma mawimbi, kuelekea kisogoni, mpaka serebelamu, ubongo mdogo wa nyuma, itokee na nafasi ya maji iliyo nyuma yake.

Hapo ndipo mkono unapojulikana. Papai ukilikata mshazari, tundu la mbegu huonekana kubwa kuliko lilivyo. Proba ikiinama kupita kiasi, nafasi ile ya maji hupanuka kwenye skrini, na kati ya pande mbili za serebelamu hutokea mwanya, kana kwamba vemisi, sehemu inayoziunganisha, haipo. Mtoto mzima anaweza kubandikwa jina la kasoro ya ubongo iitwayo Dandy-Walker kwa kosa la nyuzi chache tu. Tena kabla ya wiki ya 20 hivi ya mimba vemisi huenda haijamaliza kuteremka. Kwa hiyo fundi hulegeza mkono, huinua proba, hutafuta tabaka la katikati linalopita toka paji la uso hadi kisogo. Kichwa kikiwa chini, hupima kwa njia ya uke, mawimbi yakipenya kwenye utosi ambao mifupa yake bado haijafunga. Vemisi ikionekana yote, maneno hubadilika.

Nusu ya ubongo iliyo karibu na proba huwa na ukungu unaotokana na mfupa. Dawa yake ni kusubiri: mama alale ubavu, atembee kidogo, mtoto ageuke.

Kuna vifuko vinavyotokea ndani ya koroidi, kile kitambaa kinachotengeneza maji ya ubongo. Huonekana katika mimba kama moja au mbili kati ya 100, na vingi huyeyuka vyenyewe kabla ya wiki ya 28. Lakini vinaweza pia kufuatana na kromosomu ya 18 iliyozidi. Basi fundi hakiachi kifuko akakitazama peke yake. Huhamia kwenye moyo, nyayo, na hasa viganja. Hungoja ngumi ifunguke. Vidole vikikunjuka vizuri, wasiwasi hupungua sana. Vikibaki vimekunjwa na kupandana, lazima mama aelezwe, tena kwa upole na bila kuzungushwa.

Kifuko kilicho katikati, nyuma ya thalamasi, kina hadhari yake. Kabla ya kukiita uvimbe wa maji, fundi huwasha rangi ya Doppler, inayoonyesha mwendo wa damu. Kikibaki cheusi, pengine ni uvimbe wa araknoidi, nao hupimwa tena baada ya wiki chache kuona kama unakua. Kikijaa nyekundu na buluu zinazozunguka kwa kasi, hayo si maji: ni mshipa wa Galen uliovimba, unaopokea damu moja kwa moja toka kwenye ateri. Hapo proba huteremka kifuani bila kukawia, kwa sababu damu inayokatiza njia kichwani huulemea moyo.