Mchanga, Maji na Kinga: Hesabu ya Jangwa Itazamwapo kutoka Kazimia

Mwishoni mwa mwaka 1931 Mpolandi mmoja, Kazimierz Nowak, mtu asiye na mali, alitoka Tripoli na baiskeli kuukuu, akaanza safari iliyomfikisha ncha ya kusini ya Afrika, kisha ikamrudisha hata Algiers mwaka 1936, masafa ya takriban kilomita 40,000, akiwa amepita pia katika Kongo ya Wabelgiji. Aghalabu watu husifu moyo wake, nao wastahili sifa. Walakini sisi wa Kazimia, kwenye ufuo wa Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, ambao kila kiangazi twawaona vijana wakisukuma kinga, ndivyo tuitavyo baiskeli, zenye magunia ya ndagala, yaani dagaa, juu ya mchanga wa ufuo, tuna haki ya kuuliza swali la fundi kabla ya lile la mshairi: gurudumu jembamba namna ile hupitaje mchangani, na mpandaji hunywa nini?

Mchanga mkavu hauna mshikamano. Chembe zake huteleza, na gurudumu, badala ya kubingirika, huchimba. Mambo mawili hufaa: kupunguza upepo wa tairi ili sehemu igusayo chini ipanuke, na kutafuta mchanga wenye unyevu, kwani utando mwembamba wa maji baina ya chembe huzifunga pamoja. Hilo la pili wachukuzi wetu walifahamu bighairi ya kitabu: hufuata ukanda uliokwisha kulambwa na wimbi la Tanganyika, wakaacha mchanga mweupe wa juu. Jangwani ukanda huo haupo, hivyo mtu hushuka akasukuma. Tena si kila jangwa ni mchanga. Dida Galgalu, katika Marsabit ya Kenya, ni mawe ya volkano, na huko anayepunguza upepo hutafuta msiba, maana mpira wa ndani hubanwa kati ya jiwe na ringi ukatoboka.

Lakini mchanga ni jambo jepesi likilinganishwa na maji. Mtu afanyaye kazi nzito juani aweza kupoteza kwa jasho lita nzima kwa saa moja. Tukimkadiria lita 10 kwa siku, na kisima kikiwa mbali mwendo wa siku mbili, amekwisha kupakia kilo 20 kabla ya unga, blanketi na zana. Hapa ndipo wengi hudhani kwamba dawa ni kwenda na rafiki. Rafiki hupunguza chuma: pampu moja yatosha watu wanne, gundi na viraka vyatosha, bisibisi yatosha. Maji hayapunguzi hata tone, kwa kuwa kila aongezekaye huja na kiu yake. Kwa ajili hiyo msafara wa baiskeli wa kila mwaka wa kutoka Cairo hadi Cape Town, ulioanza mwaka 2003, hufuatwa na malori ya kuchukua mizigo, nami siwalaumu. Na Nowak mwenyewe, aliporudi kuivuka Sahara, alimpanda ngamia.

Sasa rudi Kazimia. Ziwa li kando ya njia, na madhali hakuna haja ya kubeba maji mengi, uzito wote wa kinga wageuka kuwa bidhaa, na faida ya wenzi yaonekana kamili. Mchukuzi wa Kikongo mwenye mzigo mkubwa hapandi, husukuma: fimbo hufungwa kwenye usukani ili aongoze akitembea kando, na keria hutiwa miti au vyuma isije ikapinda. Mtu peke yake aweza kazi hiyo ufuoni. Njia inapoiacha tambarare na kupanda kuelekea Fizi, hawezi.

Basi wawili husukuma kinga ya kwanza hadi juu, wakateremka mikono mitupu, wakaisukuma ya pili. Kilomita 1 ya mlima imekuwa 3 za miguu kwa kila mmoja, mbili kati ya hizo chini ya mzigo. Ajapo wa tatu asiye na kinga, hulinda mzigo uliobaki, jambo lisilo dogo katika nchi yetu, lakini maadamu analinda tu wala hasukumi, hesabu ya miguu ya wale wawili haibadiliki. Hubadilika gunia moja linaposhushwa kutoka kila keria, hata mtu mmoja akaweza kupanda na kinga yake bila kumngoja mwenziwe.