Juu ya "Pichi Yenye Joto"

Katika maelezo ya upakaji rangi wa nyumba yaliyotafsiriwa kwa Kiswahili, tumekuta kuta za sebule zikisifiwa kuwa na "rangi ya pichi yenye joto". Nusu ya kwanza ya istilahi hiyo twaikubali. Ya pili hatuwezi kuipitisha.

Kiswahili hakijapata kuona haya kuita rangi kwa jina la kitu. Kahawia imetokana na kahawa, kijivu na jivu, zambarau na tunda lake. Pichi, basi, haivunji kanuni. Kamusi za zamani zina neno fyulisi, nasi tungelipenda. Lakini sokoni husemwa pichi, na fundi haendi dukani na kamusi. Ila mfasiri abainishe kwamba yakusudiwa rangi ya nyama ya tunda, si ya ganda lenye wekundu. La sivyo mwenye nyumba ataagiza rangi hii apakiwe ile.

"Yenye joto" ni kosa la namna nyingine. Wachoraji wa Ulaya huziita nyekundu, chungwa na manjano rangi za joto kwa kuzilinganisha na moto na jua. Kwetu, aambiwaye ukuta una joto huugusa. Tena, Dar es Salaam nani atanunua joto zaidi?

Yuko atakayeuliza: mbona rangi husemwa imepoa? Kupoa huko ni kufifia, na kinyume chake si joto bali kukolea. Twapendekeza "rangi changamfu ya pichi", na kwa iliyochanganywa na nyeupe nyingi, "pichi iliyopoa".