Gitaa la Pili la Kakai Kilonzo

Jioni ya siku ya soko hapa Migwani, magitaa yasikikapo kutoka katika baa, wakubwa wengine hukwambia upite upesi. Huo, wasema, ni muziki wa walevi. Mimi nakusihi usimame kando ya njia kwa muda wa wimbo mmoja. Maana asiyesikiliza hawezi kusifu wala kulaumu kwa haki.

Chukua mfano wa Kakai Kilonzo, kiongozi wa bendi ya Kilimambogo Brothers. Tangu miaka ya 1970 hata alipofariki mwaka 1987, alikuwa miongoni mwa waimbaji waliopendwa mno Ukambani. Aliimba kwa Kikamba na kwa Kiswahili pia, akapendwa hata na watu wasiojua neno moja la Kikamba.

Wengi humsifu kwa sauti yake. Mimi nasifu jambo jingine: gitaa la pili. Gitaa moja hushika mwendo chini, kwa utulivu. La pili hupanda juu likatoa sauti ndogo ndogo za haraka, zinazozunguka bila kukoma na kujaza kila pengo lililoachwa na la kwanza. Lifuate gitaa moja peke yake, utaona kuwa ni kitu kidogo, karibu cha kuchosha. Yaunganishe mawili, na wimbo umesimama. Ni kama watu wawili watwangao katika kinu kimoja: mchi huu ukipanda, ule washuka, akikosea mmoja, michi hugongana.

Lakini hukumu ya haki yataka tutambue na kasoro. Katika sahani za santuri za wakati ule, wimbo ulikatwa vipande viwili. Msikilizaji alilazimika kuinuka na kugeuza sahani wakati ule ule magitaa yalipoanza kupata moto. Katika dansi hapakuwa na kugeuza. Bendi iliendelea maadamu miguu ya watu iliendelea. Basi ampimaye mwanamuziki wa klabu kwa sahani tu, ampima nusu.

Dharau hii haikuanza kwetu. Mwaka 1943 Muddy Waters aliacha mashamba ya pamba ya Mississippi, Marekani, akaenda Chicago. Huko alishika gitaa la umeme ili asikike katika makelele ya baa. Muziki wake, ubluzi, nao uliitwa na wengi muziki wa shetani. Leo wafundishwa katika vyuo vikuu.

Sikwambii uingie baa. Wewe ni mwanafunzi. Redio yatosha. Fuata kwanza gitaa la chini, kisha la juu, kisha yote mawili pamoja. Ukiweza kuniambia ni lipi lililobeba wimbo, umenishinda. Ukishindwa, umeanza kuelewa.