Shahidi na Sadaka: Juu ya Kusimulia Maisha ya Yosefu Mukasa Balikuddembe

J. F. Faupel alipotoa kitabu chake juu ya Mashahidi wa Uganda mwaka 1962, alikipa jina la African Holocaust. Asili ya neno hilo la pili ni Kiyunani, na maana yake ni sadaka iliyoteketezwa nzima kwa moto. Kwa Karoli Lwanga na wenziwe, waliochomwa Namugongo tarehe 3 Juni, 1886, jina lafaa. Kwa Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyewatangulia, halitoshi. Na upungufu huo watufunza jambo juu ya fani yenyewe ya kusimulia maisha ya mashahidi.

Mnyama wa sadaka hasemi. Balikuddembe alisema, na kwa kusema akafa. Alikuwa mkuu wa vijana waliomtumikia Kabaka Mwanga. Askofu Hannington wa Kianglikana alipouawa Busoga, Oktoba 1885, kwa amri ya Mwanga, Mkatoliki huyu alimkabili bwana wake akamlaumu kwa kumwaga damu ya mgeni. Tarehe 15 Novemba alikatwa kichwa, ndipo maiti yake ikatiwa motoni.

Yasimuliwa kwamba alimwachia mwuaji wake ujumbe kwa Kabaka: amemsamehe, lakini na atubu, ama sivyo atamshitaki mbele ya Mungu. Msimulizi ashikaye msamaha na kuyaacha mashitaka atatupa mtu mpole tu, asiyeeleweka kwa nini aliuawa.

Hali kadhalika, amfanyaye Mwanga kuwa mnyama mkali amepunguza ushujaa wa shahidi. Mwanga aliogopa Wazungu waingiao kwa upande wa mashariki, na hofu yake haikuwa ya bure: mwaka 1894 nchi ilitiwa chini ya himaya ya Waingereza. Kuijua hofu hiyo si kumwondolea hatia. Ni kuona kwamba Balikuddembe alimwambia haki mfalme aliyekuwa na sababu ya kuogopa, wakati ambapo kunyamaza kungeitwa utii.

Kiswahili kina neno lifaalo zaidi. Shahidi ni yule afaye kwa ajili ya dini. Shahidi pia ni yule asimamaye barazani akatoa neno lake. Mwandishi wa Kiswahili atakayeandika maisha haya asizitenge maana hizo mbili, kwani Balikuddembe alikuwa wa pili kabla hajawa wa kwanza.