Asili ya Maneno ya Mabanda ya Chakula

Aulizaye asili ya neno la mitaani hakosi jawabu. Ukikaa katika banda la chakula karibu na soko la Buguruni, ukauliza kwa nini chipsi huitwa kiepe, utajibiwa na watu watatu kwa njia tatu, na kila mmoja ataapa. Hilo si kosa lao. Kosa ni letu sisi wataalamu, tunapolichukua jawabu lililotupendeza na kulitia katika makala kana kwamba limethibitishwa. Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling, katika makala yao ya mwaka 2006 iliyotolewa na jarida la Swahili Forum, walitutangulia kwa kuyakusanya na kuyapanga maneno ya mitaani ya Tanzania. Kazi ya kuyapima ingaliko. Nadai hapa kwamba shaka zenyewe hazilingani, na yatupasa kuzitenga.

Tuanze na mama ntilie, ambalo halina shaka kubwa, kwa kuwa sarufi yatosha kuwa shahidi. Kutia huzaa kutilia. Mteja mwenye sahani mkononi husema, "Mama, nitilie," na irabu ya ni- huanguka kama iangukavyo katika "ntakuja". Basi jina hili halikutungwa na mpishi wala na ofisi. Ni sauti ya mlaji iliyogeuka kuwa jina la amlishaye. Ndiyo maana halipati kiambishi cha wingi, bali twasema "akina mama ntilie". Wako walioona kuwa lina dharau, wakapendelea mama lishe. Hiari yao, lakini kamusi haina ruhusa ya kufuta la kwanza kwa ajili ya la pili.

Zege ni ngazi ya pili. Chipsi zikimwagiwa mayai yaliyopigwa na kushikamana kikaangoni, hufanana na kokoto zilizoshikwa na saruji. Umbo la neno halina fumbo: ni zege lile lile la mafundi ujenzi. Shaka iko katika sababu. Je, ni sura ya chakula, ni uzito wake tumboni, au ni kwa kuwa wabeba zege ndio waliokuwa walaji? Sababu ya kwanza yaniridhisha zaidi, kwa maana chipsi kavu, ingawa nazo hushibisha na huliwa na watu wale wale, haziitwi zege.

Kiepe ndilo neno gumu. Husemwa kuwa limetoka katika neno lile lile la Kiingereza lililotupa chipsi: ch- ilidhaniwa kuwa ni ki- iliyokutana na irabu, kama katika chakula na vyakula, ikarudishwa kuwa ki-, na wingi ukawa viepe. Hoja hii ina mvuto, kwani Kiswahili kina mazoea ya namna hiyo: kitabu kutoka Kiarabu kilipata vitabu, na kipilefti cha barabarani kikapata vipilefti. Lakini katika mifano hiyo ki- ilisikika tangu mwanzo. Haikurudishwa kutoka ch-. Tena chai, iliyokaa nasi miaka mingi, haikugeuka kuwa "kiai". Zaidi ya hayo, hoja haielezi zile irabu mbili za e zimetoka wapi, wala -si imekwenda wapi. Mpaka lipatikane umbo la katikati, lililosemwa au lililoandikwa, dhana hii yabaki kuwa dhana.

Huenda mtu akasema kwamba haya ni maneno ya tumbo tu. Sivyo. Tukiandika "Kiingereza" kando ya kiepe, mwanafunzi ataamini, kisha atafundisha. Na wasemaji wa Buguruni watakuwa wamenyang'anywa neno ambalo yumkini walilifinyanga wenyewe. Tukiandika "Kibantu" kwa mapenzi tu, tutakuwa tumedanganya vilevile. Afadhali kamusi iseme "asili haijathibitishwa", ikataja mahali na mwaka neno liliposikika. Wanaoyatumia maneno haya wangali hai na waweza kuulizwa. Tukichelewa, warithi wetu watabaki kubahatisha.