Ndege wa Katuni na Ndege wa Msituni

Katika sanaa zote za kuchora, ngumu kuliko nyingine ni ile ya kuchora picha zikatembea. Mchoraji wa kawaida humchora ndege akiwa ametulia tawini, akaisha kazi. Mchoraji wa katuni hana raha hiyo. Kila sekunde moja ya filamu hupitisha picha 24 mbele ya macho, na ndege akiruka yapasa bawa lipande na kushuka kwa kadiri yake, mkia ukunjuke kwa wakati wake, na shingo ifuate. Asiyemtazama ndege kwa makini haiwezi kazi hii. Kwa hiyo ingetazamiwa kwamba filamu za katuni ziwe mlango mwema wa kuwaingiza watoto katika mapenzi ya ndege na wanyama. Je, ndivyo zilivyo? Nataka tulichunguze jambo hili pamoja, msomaji, hasa ikiwa unasoma katika shule iliyo kati ya Kilifi na Malindi, ambako ndege adimu sana ulimwenguni huishi mwendo mfupi tu kutoka darasani kwako.

Tuanze na kazi ya nyumbani. Mwaka 2010 ilianza kuonyeshwa Tinga Tinga Tales, filamu za watoto zilizochorwa Nairobi na vijana wa Afrika ya Mashariki. Michoro yake ilifuata mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, Mtanzania aliyefariki mwaka 1972, ambaye alipaka rangi za baiskeli juu ya vipande vya mbao akajipatia riziki na jina. Uzuri wa filamu hizo hauna ubishi. Madoa na mistari ya Tingatinga, iliyokuwa imetulia ubaoni kwa miaka mingi, ilipata uhai, na mtoto wa Kiafrika akaona kwamba katuni si lazima ifanane na zile za Marekani.

Kila hadithi yajibu swali: kwa nini mnyama fulani yuko hivi? Moja yaeleza kwa nini kichwa cha bundi huzunguka. Nyingine yaeleza kwa nini mbuni hufukia kichwa mchangani. Zitazame hizi mbili kwa pamoja. Kichwa cha bundi huzunguka kweli, ingawa si duara zima bali kama robo tatu zake, kwa kuwa macho yake yamekazwa fuvuni wala hayawezi kugeuka. Sababu iliyotungwa ni ya mchezo, lakini jambo lenyewe lipo, na mtoto akikua ataweza kuiweka sababu ya kweli mahali pa ile ya mchezo. Mbuni hafukii kichwa. Huinamisha shingo aguse mayai yake yaliyo katika shimo la kina kifupi, na atazamaye kwa mbali hudanganyika. Hapa swali lenyewe ni potofu, na jibu lolote litakalofuata litaukaza upotofu huo.

Mtu aweza kuniambia: ni hadithi tu, na ndege husema humo kama watu, mbona hilo hulilaumu? Silaumu. Mtambaji wa pwani kabla ya kuanza huualika uwongo uje na utamu ukolee, na kila aliyeketi mkekani hujua amealikwa nini. Hakuna mtoto anayedhani kuku husema Kiswahili. Uwongo wa namna hiyo huvaa kengele shingoni. Uwongo juu ya tabia ya kiumbe hauna kengele. Huingia kimya, na mtoto huuhesabu miongoni mwa elimu zake.

Kisa cha pili ni kigumu zaidi, kwa sababu mwenye kukisimulia ni mtu tunayemheshimu sote. Katika filamu ya Marekani iitwayo Dirt! The Movie, ya mwaka 2009, imo sehemu fupi ya katuni ambamo Wangari Maathai, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, asimulia habari za msitu uliowaka moto. Wanyama wote wasimama kutazama, pamoja na tembo mwenye mkonga mkubwa. Ndege mmoja mdogo sana aenda mtoni, achota tone kwa mdomo wake, alimwagia moto, kisha arudi tena na tena. Anapodhihakiwa ajibu kwamba afanya awezalo. Sauti ya msimulizi ina upole na ucheshi, na sijui katuni nyingine fupi kama hiyo iliyowafikia watu wengi wa kwetu ikawagusa kiasi hicho.

Ndege yule ni mvumaji, yule apigaye mabawa kwa kasi hata jicho likaona ukungu tu. Wavumaji wako mabara ya Amerika peke yake. Afrika hakuna hata mmoja. Hadithi yenyewe hunasibishwa na watu wa Amerika ya Kusini, na huko nako hakuna tembo. Maana yake ni kwamba ndege yule na tembo yule hawakukutana kamwe katika msitu wowote wa dunia. Kwa fumbo hili si kitu, maana fumbo lasema habari za moyo wa binadamu. Lakini tazama linalompata mtoto wa Gede. Ameguswa, atoka nje amtafute ndege yule, wala hatampata. Mapenzi yamewashwa, pa kutua hayana. Nao msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, uko karibu na nyumba yao! Humo tembo wamo. Na juu ya vilele vya mirihi huruka chozi wa Amani, ndege mdogo mwenye mdomo wa kupinda, ambaye wataalamu wamemtia katika orodha ya wanaohofiwa kutoweka. Tembo na chozi huishi humo katika msitu mmoja. Hadithi ile ingehamia kwetu pasipo kupoteza neno.

Juu ya The Lion King ya mwaka 1994 sitakawia. Hondohondo wao, Zazu, amepakwa rangi ya samawati akafanywa mtumishi wa mfalme, mwenye maneno mengi. Anachekesha. Hondohondo jike wa kweli hujifungia katika tundu la mti kwa ukuta wa udongo, akabakiza ufa mwembamba, na mumewe humlisha kwa ufa huo mpaka makinda yapate nguvu. Nani awezaye kutunga kisa kuishinda hiki?

Hapo ndipo lilipo shauri langu kwa kijana wa pwani atakayeshika kalamu, au kompyuta, akataka kuchora. Fikiri juu ya bundi mdogo wa Sokoke. Urefu wake wapata sentimita 17 na uzito kama gramu 50. Wataalamu walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1966, na nje ya pwani yetu hajulikani ila katika misitu ya chini ya Usambara, Tanzania. Chakula chake hasa ni wadudu. Lakini ni bundi, na bundi akilia karibu na nyumba vijiji vingi vya pwani hushika mawe, kwa kuwa wameambiwa ameleta habari za kifo. Hotuba haiondoi hofu ya namna hiyo. Dakika tatu za katuni, zikimwonyesha kiumbe asiyelingana na kiganja cha mkono akimfukuza panzi gizani, zaweza kulegeza vidole vilivyoshika jiwe.

Kisha yuko mnana wa Kilifi. Aliandikwa na wataalamu mwaka 1913, na hapatikani popote duniani isipokuwa katika wilaya hii yetu ya pwani, ambayo leo ni Kaunti ya Kilifi. Kwa miaka mia hakuna mtaalamu aliyejua anapojenga. Viota vyake viligunduliwa mwaka 2013 huko Dakatcha, kaskazini ya Malindi, katika bwawa la msimu, vimefumwa katika mimea ya majini jamii ya ndago. Miti ya Dakatcha hukatwa kwa ajili ya makaa na mashamba ya mananasi. Mchoraji atakayemchora mnana huyo akisuka ujani kwa mdomo, kitanzi baada ya kitanzi, atachora jambo ambalo kabla ya mwaka huo kitabu chochote cha elimu ya ndege hakikuweza kumfundisha. Ningemshauri aanze na picha ya bwawa likiwa kavu, kabla mvua hazijanyesha.