Kiganja cha Mwezekaji

Marangu, Kilimanjaro, nilimkuta mzee akiezeka msonge wa Kichagga, wa aina ile tunayowajengea watalii siku hizi. Alianzia chini kabisa, akapanda kwa mizunguko. Kila kicha cha nyasi alikipakata kwanza, akakigonga ncha zilingane, akakipapasa unene, ndipo akakifunga kwenye fito kwa kamba ya mgomba. Kicha cha juu kilifunika fundo la kicha cha chini, mvua isipate pa kupenya. Kipimo chake kilikuwa kiganja. Vibarua waliompasia nyasi walisubiri jioni walipwe. Hakuna aliyeuliza kwa nini anafunga hivi.

Ndani ya msonge wa mababu, watu na mifugo walilala chini ya paa moja, na mafiga hayakupoa. Moto huo, chini ya nyasi kavu, ndio uliolitunza paa: moshi ulifukuza wadudu na kukausha unyevu wa masika. Bibi zetu walijua kuuchunga. Misonge ya maonyesho haipikiwi, nayo huoza upesi.

Nikiuwaza moto, nikayakumbuka makaburi ya wafalme wa Buganda huko Kasubi, Kampala. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 moto uliteketeza Muzibu-Azaala-Mpanga, nyumba kuu ya nyasi iliyojengwa mwaka 1882 kuwa ikulu ya Kabaka Muteesa wa Kwanza, ambamo makabaka wanne wamezikwa. Baganda walilia, kisha wakawaita wenye kazi: ukoo wa Ngeye, ambao kuezeka ni haki na wajibu wao, na ukoo wa Ngo, wapambaji wa ndani. Pete 52 za paa, moja kwa kila ukoo, zikasukwa upya, na vijana wakafundishwa kuezeka. Tangu moto hadi kukamilika ilipita zaidi ya miaka 10. Mwaka 2023 UNESCO ikayaondoa makaburi hayo katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Sisi Wachagga hatukuunguliwa. Misonge yetu iliondoka vihambani, mashamba yetu ya ukoo, mmoja mmoja, bati likaingia, na hakuna aliyelia. Bati silikatai, limewapa wengi malazi makavu. Kinachoniuma ni kwamba tulipoteremsha nyasi tuliwaacha pia mafundi wake, tusimtume hata mtoto mmoja akajifunze kwao. Kasubi imesimama tena kwa sababu nyumba ilipoungua, ufundi ulikuwa hai. Huku mlimani wajuzi wamebaki wachache, wazee watupu, nasi tunawahudhuria mazishini kwa wingi kuliko tulivyowahi kuwatembelea kazini.